Nilimdanganya mama ili nisafiri, na sasa Desemba inakaribia

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Moshi. Nina umri wa miaka 36, nimefundisha kwa miaka kumi na mmoja, na sijaolewa, ingawa nina mchumba ambaye ni mhasibu huko Arusha, na mazungumzo ya posa yalipangwa kuanza Desemba hii, ndugu wote watakapokuwa wamepanda kuja nyumbani. Mama yangu anaishi Kibosho, kwenye kihamba, yaani shamba la familia, alichoachiwa na marehemu baba. Alitusomesha watoto wanne kwa kahawa na ndizi, na kwa kuwa wenzangu watatu wako Dar es Salaam na Mwanza, mimi ndiye niliye karibu naye na ndiye ninayepanda kila mwisho wa juma kumwona.

Jambo langu lilianzia darasani mwaka juzi. Nilikuwa nafundisha Bonde la Ufa, nikawaambia wanafunzi wa Kidato cha Kwanza kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na kwamba duniani kote linazidiwa kina na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Kijana mmoja akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, maji yake yana rangi gani?" Nikabaki na chaki mkononi. Nilikuwa nimeishi katika nchi hii miaka thelathini na minne, na nilichokijua kwa macho yangu ni Moshi, Arusha, Morogoro nilikosomea ualimu, na Dar es Salaam nilikokwenda kwa harusi na misiba. Mengine yote nilikuwa nayasoma kwenye ramani ya ukutani.

Likizo ya Juni ya mwaka ule nilichukua shilingi 250,000 na begi moja, nikapanda basi hadi Babati, na kesho yake nikafika Kolo, wilayani Kondoa, kuona michoro ya kale ya miambani, ambayo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2006. Hakuna kampuni iliyonipangia, wala sikukodi gari. Nililala gesti ya shilingi 12,000, nikala kwa mama lishe, na mtu wa malikale akanipandisha mlimani kwa miguu. Nilipomuaga mama kwamba nitakuwa mbali kwa siku kumi, aliniuliza, "Unakwenda kufanya nini?" Swali lile lilinikuta sina jibu. Kwetu mtu husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa ugonjwa, kwa biashara au kwa kazi. Nikamwambia nimeitwa Morogoro kusahihisha mitihani ya Kidato cha Sita.

Usiku wa kwanza pale Kondoa mhudumu wa gesti alinifungulia kitabu cha wageni chenye safu zilizopigwa kwa rula: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sababu ya safari. Safu tano nilizijaza haraka. Ya sita niliisitia mpaka mhudumu akadhani kalamu imekwisha wino, akaniletea nyingine. Mwishoni niliandika "kikazi", kama walivyoandika wengi walionitangulia kwenye ukurasa ule, nikaenda kulala nikiwa nimelidanganya hata daftari.

Juni ya mwaka jana nilikwenda Kilwa Masoko, nikavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani pamoja na kina mama waliokuwa wakirudi na unga na sabuni, nikakaa asubuhi nzima katika magofu ya Msikiti Mkuu wa mji ule ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Nyumbani nikasema tena Morogoro. Korosho nilizonunua kule nilizimwaga kwenye sahani ya ofisi ya walimu zikaliwa zote, kwa sababu mtu anayetoka kusahihisha mitihani Morogoro harudi na korosho za kusini. Mama hakuonja hata moja.

Juni ya mwaka huu nilikwenda kulitazama lile ziwa. Nilishuka kwa basi hadi Dodoma, nikapanda treni ya Kigoma, daraja la tatu. Nilikaa na mama mmoja wa makamo anayeishi Ujiji, ambaye mjukuu wake alilala kwenye mapaja yangu tangu usiku wa manane hadi kulipokucha. Saranda tulinunua kuku dirishani, tukamgawana. Tabora nilinunua chupa ya asali. Kigoma nilipofika, nilikwenda ufukoni kabla ya kutafuta pa kulala. Mama Mshauri, maji yale alfajiri ni ya kijivu kama sufuria iliyosuguliwa, mchana ni ya buluu iliyokolea kama wino, na ukiyachota kwa mkono hayana rangi yoyote, unaona mistari ya kiganja chako. Yule kijana sasa yuko Kidato cha Tatu, na mwezi Julai nilimwita nikamjibu swali lake.

Lakini siku ya tisa nilishikwa na homa kali, ikawa malaria. Yule mama wa treni ndiye aliyenipeleka zahanati, naye ndiye aliyechukua simu yangu akapiga namba iliyoandikwa "Mama". Hivyo ndivyo mama alivyojua kwamba niko Kigoma.

Niliporudi hakunigombeza. Alinitengea mtori, akakaa mbele yangu, akauliza, "Kwa hiyo ungekufa, mimi ningekwenda kukutafuta Morogoro?" Baadaye, alipojua nililala wapi na nilisafiri vipi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alinisomesha ili nisikae kwenye behewa la namna hiyo. Kaka yangu mkubwa alipiga simu akauliza kwa nini fedha ya kuzurura ipo wakati mama hana tenki la maji. Na mchumba wangu aliniuliza swali moja tu, kwamba nilikuwa na nani.

Mchumba ameshaniomba radhi kwa swali lile. Ni mtu mzuri. Amesema kama ninapenda kutembea, basi tutembee wote: tutakwenda kwa gari lake, tutalala kwenye hoteli nzuri yenye chai ya asubuhi, atalipa yeye. Nilipaswa kufurahi, na badala yake nilihisi kana kwamba nimenyang'anywa kitu, na hadi leo sijaweza kumweleza ni kitu gani. Ninachoweza kusema ni hiki: nikiwa na fedha kidogo ninalazimika kuuliza. Nauliza njia, nauliza bei, nauliza basi linaondoka saa ngapi, na kila ninayemuuliza ananiambia zaidi ya nilichouliza. Nikiwa peke yangu mtu ananisogezea benchi. Kwa siku hizo chache mimi si dada wa fulani wala mwalimu wa fulani. Ni abiria tu, na ninaiona nchi yangu ikiendelea na shughuli zake kama vile sipo.

Sasa nina shilingi 600,000 nilizoweka kwa kujinyima, na nataka kwenda Kitulo, kule juu kati ya Mbeya na Njombe, wanakokuita Bustani ya Mungu. Maua yake huchanua wakati wa mvua, tangu mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Ukienda Juni hukuti kitu. Ninataka kuondoka tarehe 10 Desemba na kurudi baada ya mwaka mpya. Hiyo ina maana kwamba Krismasi sitakuwepo Kibosho, mimi ambaye miaka yote ndiye ninayeandaa nyumba, na posa itabidi isogezwe. Nafsi inaniambia kwamba nikishaolewa sitasafiri hivi tena. Nafsi hiyo hiyo inaniambia kwamba mama ana miaka 71. Na ile chupa ya asali ya Tabora bado iko chini ya kitanda changu. Sijui niipeleke kwa mama kwa maneno gani.

Nifanye nini?

Mwalimu wa Jiografia, Moshi


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na ramani ya Tanzania mezani ili nikufuate ulikopita. Nikuambie kwanza kwamba nimeyapenda maji ya Kigoma kama ulivyoyaeleza, na kwamba kijana yule ana bahati ya kufundishwa na mtu aliyeona swali lake linastahili safari ya siku kadhaa.

Nadhani unaniuliza maswali mawili yaliyofungwa katika furushi moja. La kwanza ni la Desemba, kama uende au ukae. La pili ndilo zito zaidi, nalo ni kama jambo linalokupa furaha kubwa namna hii lina haki ya kuwepo katika maisha ya binti wa watu, mwalimu na mchumba wa mtu, wakati halijengi, halizalishi, wala halimtibu mgonjwa. Sina hakika kwamba la kwanza linajibika kabla ya la pili, ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye hilo.

Safu ile ya sita ya kitabu cha gesti ninaifahamu. Mimi ni mtu wa Arusha, na nikiwa msichana nilipanda treni ya abiria mara kadhaa kabla haijasimama kuja huku kwetu. Iliporudi, Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020, nilikwenda stesheni siku moja nikakaa kwenye benchi nikiitazama tu. Watu watatu, kwa wema kabisa, waliniuliza ninamsubiri nani. Mtu wa tatu nilimwambia ninamsubiri mjomba. Kwa hiyo sikushangai ulipoandika "kikazi". Lakini hebu tulitazame kwa utulivu lile unalolichukulia kuwa limethibitika, kwamba hukuwa na jibu ambalo mama angelielewa. Je, ulimpa nafasi ya kutolielewa? Aliuliza swali moja, ukamjibu Morogoro. Mwaka uliofuata hakuuliza tena, kwa sababu alikuwa na jibu. Hatujui angesema nini kama ungemwambia kwamba mwanafunzi alikuuliza rangi ya maji ukaona aibu kutoijua. Huenda angesema ni upuuzi. Huenda pia mama aliyeuza kahawa miaka yote hiyo ili usome angeielewa aibu ya mwalimu kutojua kuliko mtu mwingine yeyote.

Ukisoma tena maneno yake, utaona kwamba hakukuuliza kwa nini ulikwenda Kigoma. Alikuuliza angekutafuta wapi. Mtu wa kwetu akisafiri huagwa: hufungiwa masurufu, huulizwa atarudi lini, huombewa, na huko njiani anajua kuna mtu anayehesabu siku zake. Wewe umesafiri mara tatu na hukuagwa hata mara moja, kwa sababu aliyeagwa pale Kibosho alikuwa mtu mwingine, mwalimu fulani aliyekuwa akienda Morogoro. Ninajiuliza kama uchungu wa mama uko hapo zaidi ya kwenye fedha, na hata zaidi ya kwenye behewa. Ninajiuliza pia jambo jingine, nalo ninakuomba ulipokee kwa upendo: je, sehemu ya utamu wa safari zile haikuwa ule usiri wenyewe? Umeandika kwamba unapenda kutokuwa dada wa mtu kwa siku chache. Ukienda safari ijayo mama akijua uliko, na simu ikiita jioni ikuulize umekula nini, je, itabaki kuwa ile unayoipenda? Mimi sijui. Inawezekana ikabaki, na pengine ikawa na raha ambayo hujawahi kuionja. Inawezekana ikapungua kidogo, na upungufu huo ukawa bei ambayo uko tayari kuilipa au hauko tayari. Ila ni vizuri ulijue hilo kabla ya kuamua kama unachokipigania ni safari au ni maficho.

Kuhusu behewa la daraja la tatu, usilichukue neno la mama kama majivuno. Kwa kizazi chake, mtoto aliyesoma kupanda pa shida kwa hiari ni kama mtu aliyejengewa nyumba akarudi kulala jikoni. Wewe benchi lile ulilichagua, na siku yoyote ungeweza kuliacha. Mama wa Ujiji hana njia nyingine ya kurudi nyumbani. Sisemi hivyo ili kukuonea. Nasema kwa sababu umeniandikia kwa uzuri sana jinsi mjukuu wake alivyolala kwenye mapaja yako, jinsi mlivyomgawana kuku wa Saranda, na jinsi alivyokupeleka zahanati ukiwa hujiwezi, kisha barua ikaendelea na yeye hakutajwa tena. Je, umeshampigia simu tangu urudi? Kama umempigia, nisamehe. Kama hujampigia, ningependa ufikirie kwa nini, kwa sababu unasema kinachofanya safari ya fedha kidogo iwe na maana ni watu unaolazimika kuwauliza na kuwategemea, na mtu uliyemtegemea kuliko wote katika safari zako zote tatu ni huyu.

Sasa nije kwa mchumba. Umeliita ombi lake kunyang'anywa, na ninakuelewa. Gari la mtu binafsi halisimami Saranda ili mtu asogezewe kuku dirishani, na mtu anayelala kwenye hoteli iliyolipiwa hana la kumuuliza mpita njia. Lakini yeye atajuaje hayo? Habari ya kwanza aliyoipata kuhusu safari zako ilikuwa ni kwamba unaumwa Kigoma wakati yeye pia aliamini uko Morogoro. Hajawahi kusimuliwa kuhusu kitabu cha gesti, wala kuhusu mashua ya Kilwa. Ametoa alicho nacho, yaani gari na fedha, kwa kuwa hajaambiwa kwamba kinachotakiwa ni kingine. Kabla ya kuamua kwamba ndoa na yeye itafunga mlango wa safari, ningetamani umweleze kama ulivyonieleza mimi, hata kama ni kwa kumpa barua hii aisome. Unaweza pia kumwalika katika safari moja fupi kwa masharti yako: basi, gesti, mama lishe, na yeye ndiye wa kuuliza njia. Ile ya kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto ingetosha, siku tatu tu. Hatari yake ni kwamba anaweza kuichukia, akaichukia waziwazi, na wewe ukalazimika kujiuliza swali ambalo sasa unalikwepa. Hatari nyingine, ambayo watu hawaisemi, ni kwamba anaweza kuipenda, na safari uliyozoea kuwa yako peke yako ikawa na mwenyewe wa pili. Pia sikiliza kwa makini sababu ya yeye kutaka kuja. Mtu anayetaka kuona unachokiona na mtu anayetaka kuona uko na nani wanaweza kutoa ombi moja kwa maneno yale yale, na wewe unamjua kuliko mimi.

Tuje kwenye Desemba yenyewe. Kama mwalimu wa Jiografia unajua kwamba maua hayaendi kwa kalenda ya likizo zetu, na ni kweli Juni hukuti kitu Kitulo. Lakini umeandika mwenyewe kwamba yanachanua hadi Aprili. Kwa nini basi iwe ni tarehe 10 Desemba? Nimeliuliza hili kwa sababu tarehe uliyoichagua inaangukia hasa kwenye Krismasi na kwenye posa, na wakati mwingine mtu huchagua tarehe ili imsaidie kusema neno ambalo mdomo umeshindwa. Kama kuna neno kama hilo, kwamba umechoka kuwa mwandaaji wa nyumba wakati kaka zako wanafika na magari wakikuta kila kitu kiko tayari, au kwamba hujawa tayari kwa posa, basi ni neno halali kabisa, nalo linastahili kusemwa kwa jina lake. Safari ya kaka zako ya Desemba haiulizwi sababu wala gharama kwa kuwa inaelekea nyumbani, na nyama na mbege za siku hizo hakuna anayezihesabu dhidi ya tenki la maji. Hilo unaweza kumwambia kaka yako kwa heshima. Ila ukilisema ili umshinde tu, mama atabaki bila tenki na ninyi mtabaki mmenuniana. Pengine ni afadhali kumwuliza yeye, na wengine wawili, kila mmoja atatoa kiasi gani, na wewe ukaanza kwa kutaja chako.

Kuondoka tarehe 10 kama ulivyopanga kutakupa muda mrefu na utulivu, nawe utaiona Kitulo bila haraka. Lakini utakuwa umeondoka miezi sita tu baada ya mama kupigiwa simu ile, na hata ukiaga vizuri, kiti chako siku ya Krismasi kitaonekana kitupu kuliko vingine. Unaweza kula sikukuu Kibosho na kuondoka tarehe 27, ukapita njia ya ndani, Arusha, Babati, Dodoma, Iringa hadi Makambako na Chimala, ili usigombanie tiketi na wanaoshuka Dar es Salaam. Hapo utapata siku kama kumi tu kabla shule hazijafunguliwa, na posa italazimika kubanwa katikati au kusogezwa kwa mazungumzo. Au unaweza kungoja mapumziko mafupi ya Pasaka, ukapata siku nyingi za kutengeneza mambo nyumbani kuliko za kutembea. Lakini kufikia wakati huo mvua zimekuwa nyingi, na barabara ile inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba, wenyeji wanayoiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, si ya kuichezea matope yakiwa mengi. Usipande bila kuwauliza madereva wa Chimala hali ya siku hiyo, hata uende mwezi gani. Kipo pia kitu cha nne, ambacho si lazima kiwe badala ya Kitulo: kumwuliza mama kama kuna mahali amewahi kutamani kupaona. Sijui kama amewahi kuulizwa na mtu. Usilifanye swali hilo kuwa hongo ya kununua ruhusa, maana atalitambua mara moja.

Lolote utakalolichagua, nakuomba kama mzazi: acha ratiba yako kwa mtu, mahali na tarehe, hata kama utaibadilisha njiani. Fika mji mgeni kabla ya giza; tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 ni rahisi kujikuta unashushwa stendi saa tisa za usiku. Kagua komeo la mlango kabla ya kulipia chumba, na ukikuta haufungi, shilingi elfu kumi za ziada si usaliti wa safari ya fedha kidogo. Lala ndani ya chandarua. Kitulo ni juu sana, mita 2,600 hivi, na Desemba kuna mvua na baridi, kwa hiyo beba sweta lako la Kibosho.

Ninabaki na ile asali. Umesema hujui uipeleke kwa maneno gani, nami nimeifikiria kuliko nilivyotegemea. Pengine Jumamosi hii unaweza kuipandisha Kibosho ikiwa hivyo ilivyo, na vumbi lake la chini ya kitanda, ukaiweka mezani na kumwambia mama kwamba uliinunulia dirishani pale Tabora, saa ngapi, na kwa bei gani, na nani alikuwa amekaa karibu yako. Usianze na Kitulo. Akitaka kujua zaidi atakuuliza, na safari hii una majibu. Niandikie unieleze aliuliza nini kwanza.